Mama ya Mukubwa wa Siri

Juma tatu, 3/6/2002

Kavira amepewa bureau! Kavira wangu! Ofisi na mulango yake na ufunguo yake, kule Beni, kwa bakubwa ba serikali!

Sasa nisalimie. Asubuhi njema, daftari yangu. Adabu ilinitoka, mais siku kama hii mutu anasahau ata viatu.

Nilikuwa nachagua maharagi ya kupeleka soko ya Musienene. Mawe huku, maharagi huku. Jeep ikasimama mbele ya lupango, uwanja wa nyumba yetu. Kambale. Ni shofere wa ileile bureau ya Beni, na ni muchumba wa Kavira. Akabaki kwa mulango, macho chini, vile mukwe anapaswa kusimama mbele ya mama mukwe. Akasema kama mutu anayeagiza chumvi: "Mama, Kavira bamemupandisha." Nikamwaga maharagi yote. Baba Kavira akatoka mbio nyuma ya nyumba, alizania baaskari bameingia.

Kazi yenyewe nimeielewa hivi. Tangu vita igawe inchi, Beni iko na serikali yake, na serikali iko na siri zake, mu papier na mu maneno. Siri ikitoka inje, kila mufanyakazi anayesikia, sheria inamulazimisha kumwambia Kavira siku ileile. Na Kavira sheria inamulazimisha kuandika, kuanzisha uchunguzi, kutafuta ilitoka kinywa gani. Hana ruhusa ya kufumba macho. Ata kama ni rafiki. Ata kama ni ndugu. Akificha, kosa inakuwa yake pia. Ameapa mukono juu, mbele ya chef, mukubwa wake wa kazi. Mutoto niliyemubeba mugongoni kwenda shamba!

Nilimuita Mama Masika hapo hapo. Ni jirani, na njo anaongoza shirika letu, ile kundi ya majirani tunayosali pamoja kila siku ya Mungu. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono kwa kiuno. "Donc mutoto wako banamulipa juu ya kufunga kinywa. Hiyo hapana ya kwenu. Aliitoa wapi?"

Wivu. Binti yake anauza mikate. Mikate mizuri, mais mikate.

Narudi kuokota maharagi.

Juma tano, 5/6

Nimezunguka Butembo yote. Nilikuwa na haja ya sabuni tu. Sabuni iko pembeni ya nyumba, nikaenda kuinunua mbali, juu ya kukutana na batu. Fundi wa nguo anajua. Bamama ba mihogo banajua. Mwalimu wa zamani wa Kavira, yule aliyesema mutoto huyu anauliza maswali mengi, anajua. Nilimwambia mara mbili kwa sababu anasikia vibaya.

Baba Kavira hafurahii matembezi. Ni mutu wa kahawa, anasemezana na miti yake kuliko na mimi. "Mutoto anachunga siri za serikali," akasema, "na mama yake anatangaza ata tulichokula." Nikamujibu furaha haiko siri. Akarudi kwa kahawa yake.

Na furaha haijaisha. Siku ya posho, juma mosi tarehe 15, bakwe banakuja! Baba yake Kambale na ukoo yake, na mbuzi za mahari, mbele ya batu bote. Ndizi ziko mu shimo zinaiva, juu ya kasiksi. Kasiksi yangu inajulikana. Kuna bamama banatengeneza pombe ya ndizi, na kuna mimi. Nimeshonesha liputa mupya ya kitenge, rangi ya machungwa. Ata mwenye macho mabaya ataniona.

Ijumaa, 7/6

Nimekasirika. Bakwe hapana kuja tarehe 15. Kavira amemutuma Kambale: siku isogezwe, atasema lini. Na nimutumie pulovere yake nzito, ile niliyomufumia akiwa kwa masomo. Kwa nini? Hakusema.

Nikamupa Kambale bugali, sombe ya majani ya mihogo na samaki. Mukwe akishiba analegea, njo mawazo yangu. Huyu hakulegea. "Mama, mi nashika usukani tu." Akanawa mikono, akashukuru, wasingya, wasingya, na macho chini. Hakunitolea ata nusu ya neno. Nilimukasirikia na nilimusifu pamoja.

Mais mi niko na kichwa. Beni ni joto, kule batu banatafuta kivuli. Pulovere ya nini? Pulovere ni ya kusini, ya milima, ya Kanyabayonga, kule ukungu inaingia mpaka mu sufuria. Na kule njo mustari wa vita. Upande huu baaskari ba Beni, upande ule bale bengine, banaoshika Goma. Na nyuma ya kiti ya jeep niliona kitambaa cheupe, kipya, kimefungwa kwa fimbo. Mutu anayeenda kupigana hapana beba cheupe. Na tarehe 15 Kavira hana nafasi.

Banaenda kusemezana na bale ba ngambo!

Niliruka peke yangu mu jikoni. Barabara itafunguka! Kamio zitashuka tena na mizigo mpaka Goma. Na Kavira wangu atakaa kwa meza moja na bakubwa ba pande mbili, amevaa pulovere ya mikono yangu. Bakwe bangoje. Mbuzi hapana kuoza.

Siku ya Mungu, 9/6

Leo nilitoa nia, ombi ya kusali pamoja, ambayo shirika letu halijapata kusikia.

Tulisali kwa Mama Masika. Yeye hapana pokea nia ya uvivu. Ukisema "tuombee wasafiri wote", anakusimamisha. "Wasafiri gani? Jina? Njia gani? Siku gani? Mungu atatuma malaika wapi?" Shirika zingine banatucheka juu ya ile. Kwetu kila mutu anataja jina, pahali na siku. Juma lililopita mama mumoja aliombea ngombe wake, akasema mpaka rangi na pembe iliyovunjika.

Ikafika kwangu. Nilitaka kusema ya magoti yangu, kweli. Kinywa ikafunguka ikasema: "Tumuombee mutoto wangu Kavira na bakubwa bake, wanaoenda Kanyabayonga siku ya posho tarehe 15, kusemezana na bale ba ngambo, ili barabara ifunguliwe."

Bote bakanigeukia. Ata batoto. Kisha "Ee Bwana, utusikie", na sauti ile ilipiga mabati. Mama Masika mwenyewe alifuta macho. Kuna mujane wa kwetu, kijana wake alienda Goma kabla ya vita na hajarudi. Alinishika mikono yote mbili na hakuiachilia mpaka tulimaliza. Tulitoka tukiimba mpaka kwa njia. Bengine banacheza.

Niko na furaha ya kupasuka. Sijamaliza ata chakula.

Juma ine, 11/6

Muji muzima unaomba! Nilisikia soko, nilisikia kwa kinu ya mihogo. Baprotestanti pia banaomba, na bao banaimba muzuri kuliko sisi, niseme ukweli. Bashofere banaosha kamio zilizolala tangu zamani. Mutu mumoja mwenye kamio ya mafuta ya mawese akanifuata mpaka nyumbani: jeep za bakubwa zitapita Butembo saa ngapi, atie kamio yake nyuma yao? Nilicheka. Nikamwambia mi haiko bureau, aende Beni akamuulize Kavira wangu, mulango yake inajulikana.

Batu banauliza kwangu sasa. Banasema "Mama ya Mukubwa". Mama Masika hapana sema tena neno ya mikate.

Baba Kavira akaniuliza nani aliniambia ya Kanyabayonga. Hakuna mutu, nikasema, niliona mwenyewe. Akaniangalia sana. Akachukua panga akaenda kwa kahawa, na kahawa leo haina kazi.

Alhamisi, 13/6

Kambale iko mu kasho, bamemufunga.

Niandike polepole.

Baba yake Kambale alifika asubuhi, na miguu, hakutaka kukaa, hakutaka maji. Akasema akiwa amesimama mu lupango yangu. Mutu wa mafuta ya mawese alienda kweli kule Beni. Akabisha kwa mulango ya bureau, akaomba nafasi nyuma ya jeep za Kanyabayonga. Kavira akabaki bila damu kwa uso. Safari ile ilikuwa siri, siri ya juu kabisa, batu ba kuhesabu na vidole njo banajua. Ikamulazimu kuandika rapore siku ileile. Chef akauliza: mu bureau, nani amepita Butembo siku hizi? Mutu mumoja tu. Shofere.

"Na ile rapore iliyomufungisha," akasema baba yake Kambale, "jina la chini ni la binti yako."

Safari imevunjwa. Bale ba ngambo pia balisikia, banasema hawakai meza moja na batu ba kutangaza.

Kisha akasema ile iliyonikata. "Mwanamuke anayefunga kijana wangu, mimi nimupelekee mbuzi? Mbuzi zitabaki kwangu zikule majani yangu." Akaenda. Hakuaga.

Nilitaka kumwambia hapo hapo: Kambale hakusema kitu, ni mimi. Kinywa yangu, ile ile kinywa, ikakauka. Naona haya. Naandika vile iko: naona haya na naogopa. Nikisema, banaweza kunifunga. Na Kavira, mukubwa wa siri, mama yake njo aliyetoboa siri! Banaweza kumufukuza mbele ya batu. Nikinyamaza, kijana wa batu analala kwa simenti juu yangu, na Kavira anabaki na jina la mwenye kumufunga bure. Na ndoa imekufa.

Baba Kavira alikuwa amesikia yote, ameegemea nguzo. "Sheria ya mutoto wako inasema unaposikia unafanya nini?"

Unasema siku ileile.

"Mi haiko mufanyakazi wa serikali," nikamwambia.

"Mais wewe njo Mama ya Mukubwa. Muji muzima unasema."

Hajapata kunipiga ata siku moja. Leo alinipiga na ile.

Leo hakuna tena kamio ya kunipeleka Beni. Kesho, ya kwanza.

Mama Masika akaja na uso mubaya. Nikazania anakuja kunicheka. Akasema: "Nani alikufundisha kutaja jina na siku? Nani alipokea nia? Naenda na wewe." Nikamwambia abaki, magoti yake ni mabaya kuliko yangu. "Nyamaza," akasema, "ulisema ya kutosha."

Ijumaa, 14/6. Beni

Naandika kwa kitanda ya Kavira. Mwenyewe hajarudi.

Tulipanda kamio, juu ya magunia ya viazi, mimi na Mama Masika. Nilivaa liputa ya machungwa. Kama banafunga mutu, bafunge mutu aliyevaa muzuri. Kwa bariere ya barabara askari akauliza tunaenda wapi. Mama Masika akafungua kinywa, nikamufinya. Tukasema soko.

Bureau ni nyumba ndefu ya mabati ya buluu. Na kwa mulango, kwa rangi nyeupe, jina lake. Jina la mutoto wangu! Ilibidi nisimame. Roho ilinipanda ata na woga ule. Nilipapasa herufi. Mama Masika akasema: "Tuingie, ama tunaomba rozari hapa?"

Kavira iko nyuma ya meza. Amekonda. Alinyanyuka kuja kunikumbatia, nikasema mbele ya kunifikia: "Mimi njo niliyesema ya Kanyabayonga. Kambale hakuniambia kitu." Akasimama katikati ya chumba, mikono imefunguka. Akarudi nyuma ya meza. Akakaa. Akachukua kalamu.

"Jina lako?"

"Unalijua."

"Mama. Jina."

Nikalitaja. Akaliandika. Maji ya macho yalianguka kwa papier, akayapanguza na kiganja, akaandika tena. Sijawahi kumwogopa mutoto wangu. Leo nilimwogopa. Nikamwona pia ni mukubwa kweli, kuliko yote niliyosema soko.

Kisha akasema hana ruhusa kuniuliza zaidi. Habari ikigusa batu ba nyumba yake, sheria inasema aandike aliyoisikia, aitie mu mikono ya chef, atoke. Ya Kambale pia alifanya vile: aliandika kwamba ni muchumba wake, akatoka. Alichukua papier, akapita mbele yangu bila kunigusa, akaingia kwa chef. Nilisikia mulango ikifungwa.

Chef ni mutu wa miwani, muprotestanti, sauti ya chini. Nani alikuambia? Pulovere, nikasema. Akaweka kalamu. "Mama, unataka kuokoa mukwe wako." Nikamwambia kama Kambale angesema nusu ya neno ningelitangaza pia, ananijua vibaya. Nikamweleza vile niliwaza: joto ya Beni, ukungu ya Kanyabayonga, kitambaa cheupe, tarehe 15. Akauliza juu ya pulovere mara tatu, kila mara kwa njia ingine. Mi nasema ileile.

Akamuita Mama Masika. Huyu akasema ya shirika, ya nia, ya jina na pahali na siku. Chef akamwangalia. "Ninyi bakatoliki munamwambia Mungu mpaka siku? Yeye mwenyewe hajui kalenda?" Mama Masika akasema: "Chef, ukituma mutu posta bila kuandika jina kwa barua, inafika?" Nilimufinya tena. Mais niliona mudomo ya chef inacheza kidogo.

Akatuambia tusitoke Beni. Ataita bengine ba shirika kwa radio ya parokia. Banalazimishwa kusema ukweli bote. Hakusema kama ananifunga. Hakusema ya Kambale.

Mama Masika anakoroma kwa mukeka. Mi sina njaa.

Siku ya posho, 15/6. Beni

Leo wangekuwa njiani, Kanyabayonga. Leo bakwe wangekuwa kwangu, vile tulipatana mwanzo. Hakuna hii, hakuna ile. Mimi njo nilivunja zote mbili.

Saa ya mchana chef aliita. Mujane wa kwetu amesema kwa radio, na bamama bengine. Bote neno moja: ilitoka kinywa yangu, mu nia, na nilisema niliiona mwenyewe. Hakuna aliyemutaja Kambale.

Akasoma kama muamuzi wa tribunali. Kambale anatoka, bila alama kwa jina lake. Kavira alifanya kosa moja: aliomba pulovere na akasogeza siku, kwa kinywa ya shofere, mbele ya safari ya siri. Mufanyakazi wa siri hapana acha nyayo. Kosa ile itaandikwa mu papier zake, na miezi sita haendi safari yoyote ya bakubwa. Mais bureau inabaki yake. Kwa sababu aliandika juu ya muchumba wake siku ileile, na juu ya mama yake siku ileile. "Wengine hapa," chef akasema, "wangelitupa ile papier mu choo."

Mimi: angepaswa kunipeleka mbele ya tribunali, akasema, kama ningeficha. Nilijileta mwenyewe. Ananiachilia na sahihi, kwamba habari ya serikali nikiiona, ikinijia kwa sikio ao kwa jicho, nafunga. Nikatia sahihi. Mukono ilikuwa nzito kama ninachimba.

Kambale akatoka na viatu mu mukono. Ndevu, macho mekundu. Kavira alikuwa amesimama kwa jua. Hawakugusana. Kambale akamwambia: "Uliandika muzuri jina langu? Huwa unasahau herufi." Kavira akacheka na akalia pamoja, kelele mbaya, bachunga wa mulango bakageuka.

Ninaruka! Mutoto wangu iko na bureau, mukwe iko inje! Mais baba yake Kambale hapana jua kucheka. Ndoa bado iko kwa simenti.

Siku ya Mungu, 16/6

Nyumbani. Nilisimama mu shirika, nikasema yote. Nilizania batanitupia macho mabaya. Mujane wa kwetu akasema tu: "Kijana wangu bado iko kule." Ile iliniumiza kuliko chef.

Mama Masika ametoa amri mupya. Nia za vita na za serikali, mutu anasema kimya ndani ya roho, na Mungu atajipanga.

Juma tano, 19/6

Hakuna neno kutoka kwa baba yake Kambale. Kambale alienda kusemezana naye. Banasema mzee alimupa mugongo.

Kasiksi imekuwa tayari na inachacha. Siwezi kuiangalia.

Baba Kavira amewaza kitu ambacho hakuna mutu amewaza. Mwanaume asiyesema! Kwetu mbuzi inatoka kwa kijana kwenda kwa binti. Toka mababu. Yeye anasema sisi tulimufunga kijana wa batu bila kosa, donc sisi njo tunapeleka mbuzi ya kuomba musamaha. Mbuzi kutoka kwa binti kwenda kwa kijana! Majirani batakufa na kicheko. Nikamuambia hivyo. "Wacha bacheke," akasema. "Tulizoea kelele yako, na yao tutaizoea."

Alhamisi, 20/6

Tulienda. Mi nilivuta kamba, kwa barabara kubwa, mu liputa ya machungwa. Mbuzi yetu nzuri, ile nyeusi. Batu banasimama. Mumoja akapiga kelele: "Mama ya Mukubwa, bakwe bamebadilika? Sasa munamuoa kijana?" Bakacheka. Nilicheka pia, na uso inawaka. Baba Kavira alitembea mbele kama askofu.

Baba yake Kambale alikuwa anapasua kuni. Akaona mbuzi. Akaona kamba iko mu mukono ya nani. Shoka ikabaki juu.

Baba Kavira akasema, na njo hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake: binti yetu alifuata kiapo chake. Kosa haiko yake. Kosa iko ya nyumba yangu, na njo tumeileta, na mbuzi. Kisha mi nikapiga magoti kwa vumbi. Nikasema Kambale alikula sombe yangu na hakunipa ata nusu ya neno. Kijana wa vile amelelewa na mutu kweli. Nilisema ile kweli, hapana ya kumubembeleza.

Mzee akashusha shoka. Akapapasa mbuzi kwa mugongo, kwa meno, vile munafanya soko. "Donc," akasema, "mahari munalipa ninyi?"

Bibi yake, aliyekuwa nyuma ya mulango, akapasuka kicheko. Mzee akageuka kumukemea, na mudomo yake ikamushinda.

Hakusema ndiyo. Alifunga mbuzi kwa muti wake, na akatuletea viti. Tulikaa. Akauliza ya kahawa. Tulirudi na jua iko chini, na mi nilitembea kama kijana.

Juma ine, 25/6

Mvua ndogo tangu asubuhi. Nimechagua maharagi.

Kambale alipita. Alikaa kwa kiti leo, mbele yangu, macho bado chini. Baba yake amemutuma. Amesema mwanamuke anayeandika ukweli juu ya muchumba wake hatamudanganya bwana yake nyumbani. Amesema pia mbuzi ile nyeusi iko na mimba, na mutoto atakayezaliwa atarudishwa mu mahari, ili mambo isimame tena na miguu chini.

Nilimwambia wasingya. Sikupiga kelele. Kambale alinyanyua macho mara moja juu ya kunyamaza kwangu.

Kavira atafika Ijumaa. Hakutuma neno juu ya kazi yake, na sikuuliza. Jana mama mumoja alishusha viazi soko, viazi bya kusini, bya udongo mwekundu. Batu banamuzunguka na maswali ya barabara. Mi nilinunua vyangu, nikapita.

Baba Kavira amefukia ndizi mupya mu shimo mwenyewe. Mama Masika ataleta mikate ya binti yake. Mujane wa kwetu amesema atakuja, atakaa karibu na mi.

Siku ya posho, tarehe 29, njo siku mupya ya mahari. Bote banakuja.